Tryphosa wa Redio: Koma au Goma?

Wiki nzima umemwacha Tryphosa Nanyama mlangoni pa studio, mkono kwenye kitasa, askari wawili mbele yake na pingu zinaning'inia. Nasikia kuna wasomaji walioweka dau kwamba ataruka dirishani. Poleni sana. Studio ile haikuwa na dirisha.

Na wewe ambaye gazeti lako la wiki iliyopita lilifungiwa maandazi kabla hujalisoma, usihangaike. Tryphosa ndiye mwimbaji wa Sisibo Jazz, bendi ya lokesheni, mtaa wa Waafrika wa Eldoret, mwaka wa hamsini na nne. Kila Jumamosi alasiri sauti yake hutoka kwenye kituo kidogo cha redio ya serikali na kufika hadi Kitale, Kapsabet na Kimilili. Jumamosi iliyopita aliimba wimbo mpya, "Koma, Bwana", wa mwanamke anayemkanya mwanamume msumbufu. Leo ni Jumanne. Alikuja kufanya mazoezi, akafungua mlango, akakutana na pingu.

Askari mrefu alitazama kushoto, akatazama kulia, kisha akainama sikioni mwa Tryphosa.

"Dada, na sisi polisi tunaanza lini?"

"Kuanza nini?"

"Kugoma. Umeimba watu wagome, na wa mashambani wameanza jana. Sisi wa serikali hujatutaja."

Tryphosa alidhani ni utani. Askari akamhakikishia kwamba kuanzia Eldoret mpaka Hoey's Bridge, ile ambayo siku hizi tunaiita Moi's Bridge, hakuna mtu aliyeshika mundu. Ngano imesimama shambani, trekta zimezimwa, na wapishi wa Wazungu wamekaa juu ya magunia ya viazi na kukataa kuvimenya. Wote wanasema ni amri ya Tryphosa. Kisha yule askari akanyoosha mgongo, akakohoa, na kumtia pingu kwa heshima zote.

Hapa lazima nikueleze jambo moja, halafu tukimbie. Tryphosa ni Mbukusu, na Mbukusu wa siku zile, ga ilikuwa haimkai mdomoni. Gari kwake lilikuwa kari. Gunia lilikuwa kunia. Eldoret ilijaa watu wa kila kabila waliokuja kutafuta kazi, kila mmoja na ulimi wake, kwa hiyo kila mtu alizoea kumsahihisha mwenzake kimoyomoyo na kuendelea na maongezi. Basi Tryphosa alipoimba koma, watu walimsaidia. Walisema maskini, anataka kusema goma.

Alikuwa amesema koma. Lakini nani angejua?

Ofisini kwa Bwana DC palikuwa na watu watatu. DC mwenyewe, aliyejifunza Kiswahili chake Mombasa na kukitunza kama vyombo vya wageni. Mkalimani wake Murunga, mtu mzima wa makamo, naye Mbukusu. Na Tryphosa, ambaye pingu zilikuwa zimetolewa ili aweze kunywa chai. Lakini kulikuwa na tatizo ambalo DC hakupenda litajwe: mizinga ya vita ilikuwa imemharibu masikio. Alisikia vizuri a, e, i, o, u. Herufi nyinginezo alimwachia Murunga.

"Je, wewe ndiwe uliyewashawishi wafanyakazi wagome?" DC aliuliza.

"Makosa kani nimefanya, Bwana? Mimi niliimba koma. Ya kumwambia mtu aache."

DC akamgeukia Murunga amfafanulie. Murunga alisimama wima.

"Bwana, watu wa kwetu hawana ka. Mahali pa ka, sisi tunaweka ka."

"Hawana ka?"

"Hawana kabisa, Bwana."

"Lakini umesema wanaweka ka."

"Ndiyo, Bwana. Ka tuko nayo nyingi. Ile hatuna ni ka."

DC alitoa kiko mdomoni, akakitazama ndani, akakirudisha. Aliamua kufanya majaribio. Akamwambia Tryphosa aseme koma. Tryphosa akasema koma. Akamwambia aseme goma. Tryphosa akakaza shingo, akafumba macho, akasema koma.

"Murunga, yalikuwa maneno mawili au moja?"

"Lilikuwa moja, Bwana."

"Basi imethibitika. Alisema goma."

Tryphosa aliweka kikombe chini. Alieleza taratibu kwamba lile alilosema redioni lilikuwa la kwanza, si la pili. DC akamjibu kwamba kwa kuwa la kwanza na la pili ni moja, hakuna la kwanza. Tryphosa hakuwa amesoma sana, lakini alijua akizungushwa.

Kisha DC akapata wazo. Akamtaka aseme ngoma. Tryphosa akasema ngoma, safi, bila shida, kama anavyoisema kila siku ya maisha yake, na Murunga akatikisa kichwa kukubali kwamba safari hii imetoka yote. DC alisimama. Kumbe anayo! Kumbe anaificha! Ilibidi Murunga amtulize na kumweleza kwamba ile hutoka ikishikwa mkono na herufi ya na. Peke yake haitembei.

Mwishowe DC aliamua kwamba Tryphosa aende redioni awaambie watu msigome. Murunga alikohoa kwa adabu. Alisema Tryphosa akijaribu neno hilo, litatoka msikome, yaani msiache, na hapo mgomo utaendelea mpaka Krismasi. DC alitazama dirishani. Nje, mpishi wake mwenyewe alikuwa amekaa juu ya gunia.

Hukumu ikatolewa. Jumamosi, Tryphosa ataimba wimbo uleule, na atatamka koma ambayo hata mtoto ataisikia kuwa ni koma, ili watu warudi shambani. Ikisikika ga hata moja, maikrofoni ile ataiona kwenye picha tu. Mahali pake patapigwa sahani za gramafoni.

Wasomaji wengine mtasema, si redio tu? Kuna kazi nyingine. Hamumjui Tryphosa. Baba yake alimfukuza Kimilili kwa kumkataa mwanamume aliyechaguliwa, akaapa kwamba jina lake halitatajwa bomani. Mama yake, Mama Nanzala, hakuruhusiwa hata kuuliza habari zake. Lakini kila Jumamosi Mama Nanzala huenda soko la Kimilili, ambako serikali ilifunga kipaza sauti juu ya mlingoti, na kukaa chini yake na kikapu kitupu. Tryphosa akiimba ule wimbo wake wa kwanza wa safari, akafika pale pa kari la moshi, mama huwaambia wenzake, "Huyo ni wangu. Sikieni anavyosema kari." Ndiyo salamu pekee iliyobaki kati ya mtu na mama yake. Ukimnyima Tryphosa redio, umemnyima mama.

Kwa hiyo hakulia. Alienda kutafuta ga.

Kama angeweza kutamka zote mbili, alifikiri, basi koma yake ingejulikana kuwa koma. Katika Sisibo Jazz nzima, mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa na ga ya kuaminika. Alikuwa Kipyego, mpiga tarumbeta, Mnandi aliyepigana Burma na kuitoa huko, kutoka kwa sajini mmoja wa pwani. Siku za wiki Kipyego aliendesha trekta kwenye shamba la Kaburu mmoja karibu na Hoey's Bridge, aliyeitwa na wafanyakazi Bwana Ndevu. Wiki hii, bila shaka, hakuendesha chochote. Tryphosa alimkuta kando ya mto Sosiani akiosha tarumbeta.

"Sema ngoma," Kipyego akamwambia.

"Ngoma."

"Sasa shika pua, useme tena."

Tryphosa aliziba pua kwa vidole viwili. Akavuta pumzi kwa mdomo.

"Goma," alisema.

Mwanamke aliyekuwa akifua ng'ambo ya mto aliinua kichwa. Tryphosa aliachilia pua akaitazama mikono yake, maana hakujua hiyo sauti imetoka wapi. Akarudia. Gari. Gunia. Gogo. Gauni. Kila akiziba pua ga ilikuja nzima, ya mviringo, na alicheka mpaka machozi yakamtoka. Alijaribu na bila kuziba, na mara moja moja ilikuja hivyohivyo, yenyewe.

Kipyego hakucheka. Alikuwa akipangusa tarumbeta mahali palepale muda wote.

"Dada, nikuambie kitu," alisema. "Sisi tulijua ni koma."

"Mlijua?"

"Sisi si viziwi. Tulijua tangu mstari wa kwanza. Lakini tulikuwa tumechoka na ule unga wa Bwana Ndevu. Ukiupepeta, wadudu wanabaki, unga ndio unapeperuka. Watoto wanaumwa tumbo. Tukigoma wenyewe, na hii Hali ya Hatari, kesho yake tuko kizuizini. Lakini redio ya serikali ikisema goma, hiyo si kosa letu. Tumetii."

"Redio haikusema hivyo. Ni mimi niliimba."

"Wewe uliimba koma. Stephen ndiye alisema goma."

Tryphosa alikaa chini kwenye nyasi. Chumba cha waimbaji kilitenganishwa na cha mtangazaji kwa kioo kinene. Walioimba hawakusikia linalotangazwa. Waliona tu taa nyekundu ikiwaka. Ndipo Kipyego, aliyesimuliwa na wenzake wa shambani, akamweleza kwamba kabla ya taa kuwaka, Stephen mtangazaji aliwaambia wasikilizaji wote wa nyanda za juu, "Na sasa mtasikia wimbo mpya, Goma, Bwana," kwa ga safi kabisa.

"Bwana Ndevu ameapa hatabadilisha unga," Kipyego aliendelea. "Lakini ngano imekauka kwenye suke, na mvua iko kwenye vilima vya Cherangani, tunaiona. Jana mke wake alionekana ghalani akifungua magunia na kunusa. Kufikia Jumatatu atakuwa amelainika. Sasa wewe ukienda redioni Jumamosi ukatenganisha koma na goma, itajulikana tuligoma bila wimbo. Na mimi ndiye wa kwanza kushikwa, maana trekta niliiacha katikati ya shamba."

"Na mimi je, Kipyego?"

Kipyego alirudi kupangusa tarumbeta. Alisema tu kwamba Jumamosi hatakuja kupiga. Amegoma, na mtu hawezi kugoma trekta halafu apige tarumbeta.

"Ni kukoma au ni kukoma?" Tryphosa alimuuliza kwa hasira, na ga aliyoifundishwa ilikuwa imemtoroka kabisa.

"Yote moja," Kipyego akasema. "Jembe liko chini."

Sasa hapa nataka ukae vizuri, kwa sababu nakupeleka kwa Stephen, na Stephen ni mtu wa kukasirisha.

Stephen Khisa alikuwa mtangazaji pekee wa kituo kile. Suruali yake ilikuwa na mkunjo wa kukata mkate, na Kiswahili chake alikichana kila asubuhi pamoja na nywele. Kwao ni Kimilili vilevile, lakini ga aliinunua shuleni na hakutaka mtu asahau. Kwa miezi kadhaa alikuwa akisimama mlangoni kwa Tryphosa kila jioni, kofia mkononi, na kumletea kipande cha sabuni ya kuogea. Kila mara Tryphosa alimwambia hapana. Kila mara Stephen aliacha sabuni. Tryphosa alikuwa na sabuni za kuanzisha duka. Ndipo akatunga wimbo, kwa sababu alidhani mtu wa redio atasikia neno likipitia redioni.

Alimkuta Ijumaa asubuhi nje ya kituo, akipangusa baiskeli. Akamuuliza moja kwa moja kwa nini alitangaza vile.

"Nilikusahihisha," Stephen alisema. "Mtangazaji hawezi kupeleka makosa hewani."

"Hayakuwa makosa. Nilisema koma."

"Tryphosa. Wimbo ni wa mwanamume anayesimama mlangoni kila siku. Huyo ni mimi, sivyo? Nilijitambua mara moja na nikafurahi. Sasa mwanamke anayeniimbia mimi redioni, anaweza kuniambia koma? Nikajua ni herufi imekosewa."

Tryphosa alimwomba aende kwa DC akaseme kwamba neno lile lilitoka kinywani mwake. Stephen alikubali haraka. Alisema angeenda saa hiyohiyo, kwa furaha, kama mume anayemtetea mke wake. Ila kama si mke wake, basi angekuwa mtu anayepoteza kazi bure, na hilo hata yeye Tryphosa asingelitaka. Akaingiza mkono mfukoni na kutoa sabuni.

"Koma, Stephen," Tryphosa alisema.

Stephen alimtazama kwa huruma ya kweli.

"Umeona? Hiyo ga bado inakusumbua."

Jumamosi ikafika. DC alifika mapema na kukaa chumba cha mtangazaji, kiti kimekaribia kipaza sauti mpaka pua inagusa kitambaa. Murunga alisimama nyuma yake. Stephen alikaa kwenye maikrofoni yake ndogo, kidole kwenye swichi. Alikuwa amepewa amri mbili: ikisikika ga, azime mara moja, na wimbo ukiisha salama, atangaze jina lake kwa herufi kamili, ili wafanyakazi wote wa nyanda za juu wajue wamekosea.

Ng'ambo ya kioo, Sisibo Jazz walikaa na gitaa mbili, besi ya sanduku na ngoma. Kiti cha tarumbeta kilikuwa kitupu. Mtu alikuwa ameweka kofia juu yake ili kisionekane kitupu, na kikaonekana kitupu zaidi.

Tryphosa alikuwa ameamua. Nisikudanganye, msomaji. Alilala na uamuzi, akaamka nao, akaunywea chai. Ataimba koma. Aliwaonea huruma watu wa Bwana Ndevu, lakini hakuwatuma wagome. Hawakumuuliza walipomfanya ngao. Yeye alikuwa na mama chini ya mlingoti huko Kimilili, na hakuwa na mama mwingine.

Taa nyekundu ikawaka. Gitaa zikaingia.

*Mlango wangu si dirisha la posta,*
*unasimama hapo kila siku,*
*kwani umetumiwa nini?*

Sauti ilikuwa nzuri kuliko siku zote. Huo ndio ubaya wa woga, unaweza kumsaidia mwimbaji. DC alianza kupiga goti kwa vidole. Wimbo ukafika kwenye kibwagizo, pale ambapo tarumbeta ya Kipyego humjibu Tryphosa kabla hajasema lile neno. Siku zote humjibu kwa kelele fupi ya dharau, kama mbuzi aliyenyimwa chumvi.

Ngoma ilipiga. Tarumbeta haikujibu. Pakawa na shimo.

Katika shimo lile Tryphosa alimwona Kipyego akipangusa palepale penye usafi. Akawaona watoto wanaoumwa matumbo. Alikasirika. Alimkasirikia Kipyego na DC na Stephen na sabuni zake, na Bwana Ndevu ambaye hakuwahi hata kumwona, na mkono wake ukapanda wenyewe, vidole viwili, ukaziba pua.

*Goma, bwana, goma.*

Ilitoka nzima. Ilipita kwenye maikrofoni, ikapanda mlingoti, ikaenda.

Nyuma ya kioo, DC aliinua uso. Kuna kitu alikisikia, au alidhani amesikia. Akageuka.

"Murunga. Amesema ka au amesema ga?"

Murunga alitazama dari. Alikuwa na mke, watoto na mashati mawili ya serikali. Alikuwa pia na ndugu ambaye kila wiki alibeba mfuko wa unga kutoka ghala la Bwana Ndevu.

"Amesema ka, Bwana."

"Una hakika?"

"Hakika kabisa. Ni ka."

Mpaka leo hakuna anayejua Murunga alimaanisha ipi. Alizeeka vizuri, akastaafu, akafuga ng'ombe, na kila alipoulizwa alijibu kwamba alisema wazi, mtu yeyote angeweza kumsikia.

DC akaegemea kiti, ameridhika. Lakini Stephen hakuhitaji mkalimani. Stephen alikuwa na masikio mawili mazima, na kidole chake kilikuwa juu ya swichi.

Hakubonyeza.

Aliisikia ile ga. Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yake kusikia ga kutoka kinywani mwa Tryphosa, na haikufanana hata kidogo na kile alichomwambia jana kando ya baiskeli. Wala na kile alichoimba Jumamosi iliyopita. Wala na maneno ya mlangoni, jioni baada ya jioni. Kama ga yake ni hii, basi yale yote yalikuwa ka. Alimtazama Tryphosa kupitia kioo, amesimama na pua yake mkononi, akiimba, na uso wa Stephen ukashuka polepole kama hema lililong'olewa kigingi.

Wimbo ukaisha. Taa ya waimbaji ikazimika. DC akampungia Stephen mkono: jina.

Stephen alisogelea maikrofoni. Akisema goma, kazi yake imekwenda, na maikrofoni ya Tryphosa imekwenda nayo. Akisema koma, anaueleza ulimwengu mzima aliambiwa nini. Tryphosa hakuweza kumsikia. Lakini safari hii aliweka macho kwenye midomo yake.

"Mmesikiliza Sisibo Jazz na Tryphosa Nanyama," Stephen alisema. "Wimbo unaitwa Koma, Bwana." Akanyamaza, kitu ambacho mtangazaji hafanyi. "Aliyeambiwa amesikia."

Tryphosa aliona midomo ikitoa neno na uso ukishuka zaidi, akajua ni ka, si ga. Alishusha mkono kutoka puani na akahisi amani isiyo na kifani. Mgomo ulikuwa na wimbo wake, serikali ilikuwa na jina lake, maikrofoni ilibaki, na mlangoni hapatakuwa na sabuni. DC aliingia chumba cha waimbaji na kumpa mkono. Alisema ile ilikuwa ka bora aliyowahi kuisikia katika Afrika Mashariki.

Simu ikalia.

Stephen alipokea, akasikiliza, akashusha simu kifuani kama mtu aliyeambiwa kuna msiba. Alisema inatoka Kimilili, dukani kwa Mhindi. Soko la Kimilili limegoma.

DC akasema haiwezekani. Wimbo ulisema koma.

"Si kwa sababu ya wimbo, Bwana," Stephen alisema. "Kuna mama mmoja amekaa chini ya mlingoti na hataki mtu auze wala anunue. Anaitwa Nanzala. Anasema serikali imemwondoa binti yake na kuweka mwanamke mwingine, anayejua kusema ga. Wanawake wote wamekaa chini pamoja naye. Wanataka Tryphosa wao arudishwe. Mama mwenyewe ameitwa dukani, yuko kwenye simu."

Tryphosa aliichukua simu kwa mikono miwili. Kwa miaka mitatu hakuwa ameisikia sauti ile, na sasa ilikuja na mikwaruzo, mbali, ikipumua. Alimwita mama kwa lugha yao. Mama akajibu kwamba sauti yaweza kuigwa, hata ya mtoto, na yeye amedanganywa vya kutosha na wanaume wa nyumba yake. Kama kweli huyu ni Tryphosa wake, aseme neno moja tu.

"Sema kari," mama alisema.

Ni neno lililokuwa mdomoni mwa Tryphosa tangu utotoni. Hakuna aliyemfundisha, na hakuhitaji kujiandaa. Alifuta machozi, akaisogeza simu, akafungua mdomo bila hata kugusa pua.

"Gari," alisema, na upande wa pili mama akakata simu.